Miaka Kumi Haitoshi

Nilikulia Tanzania. Niliporudi kwetu Rwanda na mama yangu tulipanga vyumba mtaa wa Rwezamenyo, Kigali, kwa mtu mwema. Alipoikarabati nyumba yake akatuambia kwa upole kwamba wapangaji wapya wanakuja. Mama alifungasha vyombo. Siku ile niliapa kutafuta mlango ambao hakuna mtu atakayekuja kuniambia nitoke.

Niliupata Kagarama, mtaa mwingine wa Kigali, nilipouziwa nyumba kwenye majengo ya gharama nafuu. Sharti lilikuwa moja: kwa miaka kumi, anayeuza amuuzie mtu wa kipato kidogo, kwa bei iliyowekwa. Mama alifia mle ndani, kitandani kwake mwenyewe.

Muda ulipokaribia kwisha wakazi wa majengo yote matatu tulikutana uani baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi, mikono ingali na udongo. Mwenyekiti akatangaza kwamba karibuni kila mtu atauza apendavyo. Watu wakapiga makofi. Mume wangu naye.

Nikasimama. "Muda uongezwe. Miaka kumi haimtoshi hata mtoto kumaliza msingi na sekondari."

Jirani wa ghorofa ya juu, mwenye mgahawa mtaa wa Gisimenti, akanigeukia. "Mama, nyumba iko yangu. Nina watoto wa kusomesha. Unanizuia kwa nini?"

"Wewe uliipata kwa sababu ya sharti hilo, jirani. Anayekuja nyuma yako ataipataje?"

Tukapiga kura, nikashindwa. Mkono wa mume wangu haukuwa upande wangu.

"Hiki ndicho kitu pekee tulicho nacho," aliniambia tulipoingia ndani. "Ukikifunga kisiuzwe kwa bei nzuri, tutazeekea wapi?"

"Hapa hapa," nikasema, nikaanza kupakua chakula.

Kwa kuwa kila jengo liliruhusiwa kujiamulia, nilianza kubisha hodi katika jengo letu kila Jumapili baada ya ibada. Wengine walinisikiliza wakiwa wamesimama mlangoni. Mwenye mgahawa alinikaribisha chai, akabishana nami hadi koo likanikauka, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: bei iruhusiwe kupanda kadiri maisha yanavyopanda, ili anayeuza asitoke mikono mitupu. Nikakubali papo hapo. Nilikuwa nimewafikiria wanaoingia, nikawasahau wanaotoka.

Tulipopiga kura tena, jengo letu lilikubali miaka thelathini, na sharti likaandikwa kwa noteri, mthibitishaji wa hati. Mume wangu aliinua mkono kukubali, bila kunitazama. Muuguzi mwenye watoto wadogo amekwisha kununua nyumba iliyo chini ya yetu.

Jengo la pili lilikataa. Mwalimu aliyekuwa amepanga huko alitolewa nyumba ilipouzwa kwa bei ya soko; sasa anaishi mbali, anaamka alfajiri mno kufika shuleni. Jengo la tatu halijaamua. Jumapili hii nakwenda huko, na mume wangu amesema atanisindikiza, ingawa bado anaona thelathini ni mingi. Mimi naona ni michache.