Panya Mwenye Hereni

Karatasi kuukuu zina harufu ya ukungu na soksi mbichi, na hata leo nikiipata harufu hiyo hugeuza uso. Hivyo ndivyo kilivyonuka kitabu cha jirani yetu wa mtaa wa Rågsved, huku Uswidi, Papa Bosco, Mkongo aliyekijua Kifaransa vizuri. Kilijaa vibonzo vya Ufaransa vya karne ya kumi na tisa. Majira yale ya baridi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nilishinda kwake baada ya shule nikitazama mahakimu wanaosinzia kortini, mabwana wenye vitambi na mabibi waliokwama mlangoni kwa upana wa magauni. Yeye alinitafsiria maneno, mimi nikanakili pua na matumbo mpaka mkono ukazoea.

Kila mwezi Waswahili tulikutana mtaa wa Tumba, katika ukumbi wa kanisa, tukala pilau. Mama Neema, aliyekuwa msafishaji wa ofisi, alizoea kutia mabaki kwenye mfuko awapelekee wanawe. Nikamchora: panya mwenye hereni zake, mkia umeizunguka sufuria. Karatasi ikapita meza hadi meza. Watu wazima, waliotoka kusali sasa hivi, walicheka mpaka wakafuta machozi. Mkuki kwa nguruwe! "Binti yangu ana kipaji," baba akasema, nami nikavimba kichwa. Mama Neema alipofikiwa aliitazama karatasi, akaikunja vizuri, kisha akaufungua mfuko na kurudisha pilau sufuriani, kijiko kwa kijiko. Hakuna aliyemzuia. Najionea kinyaa, na wale waliocheka nawaonea kinyaa vilevile.

Papa Bosco aliposikia alikifunga kitabu. "Mutoto, hawa wachoraji walichekaka wakubwa," akasema. "Weye umecheka mama anayetafutia watoto chakula." Hakunifungulia tena.

Siku hizi watoto wetu hugeuza nyuso za watu kuwa vikaragosi kwenye simu, wakacheka kwa Kiswidi, nasi tunawasifu walivyo werevu. Na karamu ikiisha kila mtu hubeba chakula, hata mwenyekiti. Vibakuli hupangwa mezani tangu mwanzo. Nilishamwomba Mama Neema radhi mara mbili. Mara zote mbili alinijibu kwamba yameisha, nilikuwa mtoto. Juzi nilimfungia pilau kwa mikono yangu, nikamfuata nayo hadi mlangoni.

"Asante, mwanangu, nimeshiba," akasema. Akafunga koti lake, akatoka mikono mitupu.