Bendeji za Magoti za Mama Puda

Kila mzazi wa mtaa wa Kasenga aliyewahi kupeleka sare ya mtoto ipunguzwe anamjua Pudentienne Nyandwi, fundi cherehani. Alizaliwa kijijini Runingu, akabeba magunia ya mpunga tangu utotoni, kisha akaolewa mjini na Gracien, mwalimu wa shule ya msingi. Wateja humwita Mama Puda. Hadi alipofikisha miaka thelathini na minne, hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimnyeshea.

Habari zake na chuma zilianzia kwenye sindano. Papa Thaddée, fundi wa kuchomelea aliyefungua ukumbi wa mazoezi nyuma ya karakana yake, alimwita amshonee ngozi ya benchi iliyopasuka. Alipomaliza kazi, aliwaona vijana wakipokezana kuchuchumaa na kuinuka, chuma kikiwa mabegani. Akauliza kina kilo ngapi. Sitini, wakamjibu huku wakicheka. Mama Puda akakaza kitenge kiunoni, akaingia chini ya chuma, akashuka, akainuka. Akarudia mara nane. Kicheko kikakatika.

"Mama, weye ulijifunza wapi?" Thaddée akauliza.

"Kwa baba yangu, shambani. Gunia la mpunga halina mchezo."

Kuanzia hapo akawa anafika ukumbini kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake. Mwaka wa tatu akajiandikisha kwenye mashindano ya kunyanyua vyuma. Thaddée akamwazima bendeji zake mwenyewe za magoti, nene na ngumu kama mpira wa gari. Wanyanyuaji hujifunga bendeji hizo ili goti lishikwe vizuri na lisiyumbe. Tena zinapovutika mtu akishuka, humsukuma wakati wa kuinuka. Lakini zile zilikuwa na ubishi. Kila Mama Puda aliposhuka, zilimkataa kabla nyonga haijapita chini ya goti, kama sheria inavyotaka. Alijaribu mara tatu, na mara tatu waamuzi wakainua bendera nyekundu. Akarudi nyumbani bila hata kilo moja iliyoandikwa mbele ya jina lake. Wiki ile nzima, kibandani ilisikika cherehani tu.

Mwaka uliofuata, miezi miwili kabla ya mashindano, alimwambia Thaddée kwamba safari hii atachagua bendeji zake mwenyewe. Wakapanda pikipiki mpaka Kavimvira, kwa Josée, mchuuzi wa vifaa vya michezo anayevileta kutoka ng'ambo ya mpaka. Josée akamwekea mezani jozi tatu: nyeusi, nyekundu na za kijivu.

"Chukua nyeusi, mama," alisema Josée. "Ndizo wanaume wote wananunua."

Mama Puda alivua utepe wa kupimia aliokuwa amesahau kuuvua shingoni, akaikunjua ile nyeusi. Mita mbili na nusu.

"Sheria yetu inasema mita mbili, isizidi. Hii wataikataa mlangoni."

Akashika ile nyekundu, akaivuta kwa mikono miwili, akaiachia. Ikarudi polepole, tena si yote. Akaivuta mara ya pili, akaonyesha ukingo ulioanza kuachia nyuzi.

"Lastiki yake imechoka kabla haijavaliwa."

Ya kijivu ilikuwa mita mbili kamili. Aliivuta, ikampinga kidogo, ikakubali, kisha ikaruka na kurudi kwa nguvu. Akaketi kwenye kreti ya soda, akajifunga magoti yote mawili kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Akasimama, akachuchumaa palepale katikati ya duka hadi nyonga ikapita goti. Akakaa huko chini akiwatazama.

"Hizi zinaniacha nishuke," alisema.

Thaddée akakunja uso. "Mama Puda, iko laini sana. Ile ngumu inakupa kilo kumi za bure."

"Kilo kumi za bure pamoja na bendera nyekundu, Papa Thaddée? Minye nimeshona miaka kumi na sita. Lastiki naijua."

Mama Puda akalipia zile za kijivu, wakapanda pikipiki kurudi. Kesho yake ukumbini, Thaddée alipoona chuma cha kilo mia moja na ishirini kikishuka mpaka chini na kupanda bila kutetereka, alikuna kichwa, akaenda kutafuta vyuma vingine vya kuongeza.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mkaguzi alipima bendeji za kijivu kwa utepe, akatikisa kichwa kukubali. Mshindani mkubwa wa Mama Puda alikuwa Olga, bingwa kutoka Bukavu, mwanamke mkimya mwenye mapaja kama nguzo.

Kilo mia moja na ishirini za Mama Puda zilipanda, bendera nyeupe tatu. Jaribio la pili, mia moja thelathini na tano, likamshinda. Alikuwa amejifunga mapema, kisha wapanga vyuma wakakosea, wakaanza upya. Alipofika chini ya chuma, nyayo zilikuwa zimekufa ganzi kwa kubanwa na bendeji muda mrefu, hazijui zimekanyaga nini. Akashuka, asiinuke. Vijana wa kando wakakidaka chuma.

Baada yake Olga alikamilisha mia moja thelathini na saba na nusu.

"Turudie ileile, tupate nafasi ya pili," Thaddée alimnong'oneza.

"Andikisha mia moja arobaini."

"Ile ndogo imekushinda, mama!"

"Kilichonishinda ni ganzi, si uzito. Andikisha."

Safari hii alikaa na bendeji mapajani, zimeviringwa kwa kukazwa, magoti wazi. Hakugusa hata moja mpaka alipoona chuma kimekamilika na msemaji ameshika kipaza sauti. Ndipo akajifunga, haraka, kwa mikono iliyozoea kazi. Jina likaitwa.

Akaingia chini ya chuma. Uzito ukamkalia mabegani, akarudi hatua mbili, akavuta pumzi, akashuka. Akaendelea kushuka. Bendeji zikakaza, zikakubali. Nyonga ikapita goti, naye akaanza kusukuma. Katikati ya safari chuma kikasimama. Gracien, aliyekuwa mstari wa mbele na koti lake la kufundishia, akapaza sauti kuliko anavyowapazia wanafunzi wote: "Panda, Puda! Panda!"

Chuma kikapanda.

Bendera tatu zilipoinuka, zote nyeupe, hakuzielewa mara moja. Alibaki amesimama, mdomo wazi, mpaka Olga, ambaye majaribio yake yalikuwa yameisha, alipokuja, akamkumbatia na kumwambia, "Hongera, dada. Leo ni yako." Hapo akacheka, machozi yakimtiririka, akaketi chini palepale jukwaani kufungua bendeji, kwa sababu nyayo zilianza tena kufa ganzi. Wanawake wa Kasenga wakapiga vigelegele. Papa Thaddée alikuwa ameinama mbele yake, akimsaidia kufungua goti la kushoto.