Jumamosi za Bibi Drottninggatan

Juzi nilipita Drottninggatan, ule mtaa mrefu wa maduka katikati ya Stockholm usioingia magari, nikasikia harufu ya lozi zinazokaangwa kwa sukari. Nikasimama. Nikawa tena na miaka kumi na mmoja.

Tulikaa Husby, kitongoji cha pembeni mwa jiji, ghorofa ya tano. Bibi alikuwa amefika kutoka Bukavu mwanzoni mwa baridi. Hakuweza kusoma majina ya vituo vya treni, Kiswidi hakukijua, na mama alishinda kazini akihudumia wazee wa watu. Basi mlango wa Bibi nilikuwa mimi. Nisipomtoa, hatoki. Wiki nzima alichagua mchele usio na jiwe hata moja, akachungulia theluji dirishani, akaniuliza, "Jumamosi ni kesho?"

Nilimpenda, rafiki yangu, lakini nilichoka kuwa mlango. Wenzangu walikwenda mjini peke yao. Mimi nilikwenda na mtu aliyefunga kitenge juu ya koti, akisalimia kila mpita njia. "Jambo yenu!" Wakapita tu.

"Hapa watu wanapita sana," alisema siku moja, "lakini hakuna mwenye anaitika." Tulipofika kwa wale simba wa zege waliowekwa kuzuia magari, akampapasa mmoja kichwani. "Huyu ndiye iko na adabu."

Nilicheka. Nilipogeuka, msichana wa darasani kwetu alikuwa amesimama na mama yake, wanatukodolea macho. Akaniuliza kwa Kiswidi, "Unamjua huyo?"

"Nej," nikasema. Hapana.

Nikasogea kwenye dirisha la duka la viatu, kama niliyekuja peke yangu. Bibi hakujua Kiswidi. Alinitazama tu, akauondoa mkono juu ya simba, akauficha ndani ya kitenge.

Jumamosi iliyofuata alisema magoti yanamuuma. Na iliyofuata pia. Theluji ilipoyeyuka nilijikaza nikamwambia, "Bibi, twende mjini."

Akanishika shavu. "Enda wewe, mama yangu. Mimi nitakutia haya."

Aliishi miaka mitatu zaidi ndani ya nyumba ile, akitoka kwenda kanisani na hospitali tu. Sikumwomba msamaha. Nilingoja nipate Kiswahili cha kutosha kulisema jambo lile, na kila mwaka Kiswahili changu kilipungua. Sasa nimejifunza upya, maneno ninayo yote. Bibi sinaye.