Kambare wa Supu Katika Tangi la Bithika

Mvuta riksho alikataa kuingia kichochoroni. Alinitupia begi mbele ya duka la vitamutamu, akanionyesha mlango wa kijani kwa kidevu na kuondoka. Nilikuwa nimetoka Chittagong kwa basi na treni, homa ikipanda tangu mpakani. Kibengali nimekila na kukiota kwa miaka mingi, lakini Belgachia, pembe hii ya kaskazini mwa Kolkata, sikuwahi kuikanyaga. Chumba nilikikodi kwa simu bila kukiona.

Aliyenifungulia alikuwa mwanamke aliyechomeka sari kiunoni, mikono imelowa hadi viwikoni.

"Wewe ndiye mpangaji? Usipite hapo, kuna maji. Wala hapo. Mbona unatetemeka?"

"Homa."

"Wifi!" akaita juu ya bega. "Mgeni amefika, na homa yake!"

Huyo alikuwa Bithika Sanfui. Hakuwa ameolewa, mvi zilikuwa zimeanza kumchungulia, na aliishi katika nyumba ya kaka yake, ambaye alikuwa baharini na meli za mizigo karibu mwaka mzima. Nyumba iliendeshwa na mke wa kaka, Mallika. Kazi ya Bithika ilikuwa kuwachagulia watu samaki wa mapambo: wenye maduka, daktari wa meno, maharusi waliopewa tangi la kioo wasijue la kulifanya. Chai aliinywa amesimama. Sikumbuki kumwona ameketi.

Tangi lake mwenyewe, dogo, lilikuwa sebuleni. Alinielezea akiwa anabadilisha maji, mimi nimejikunyata kwenye kiti.

"Watu wananunua samaki kama bangili. Huyu mwekundu, huyu wa bluu, wote ndani! Kisha wananipigia simu wakilia. Mimi rangi naiangalia mwisho. Naanza na mdomo. Kinachoenea mdomoni kitaliwa tu, hata wawe wamelelewa pamoja. Halafu nani anakaa juu, nani katikati, nani chini, wasigombee sehemu. Halafu mapezi. Mwenye mapezi marefu ukimtia na mtafunaji, utabaki na kijiti kinachoelea."

Jumapili alasiri alikuwa anamngojea Bi Ranjita Lahiri, msimamizi wa zahanati ya macho katika mji wa Siliguri, mbali kaskazini. Ukumbi wao wa wagonjwa ulikuwa na tangi kubwa, na siku moja, mbele ya watu waliofungwa bendeji wakisubiri kupasuliwa, samaki mmoja alimnyofoa mwenzake jicho. Wagonjwa walitawanyika. Sasa Bi Lahiri alitafuta mtunzaji, ila kwanza alitaka kuona tangi la huyo mtunzaji, aone kama samaki wake wanakaa kwa amani. Atakayepita atapata mshahara na chumba chenye ufunguo.

"Mshahara sawa," Bithika alisema. "Lakini ufunguo! Chumba changu hapa ndiyo njia ya kwenda kuanika nguo. Nikilala, napitwa na mashuka."

Mallika alikuwa mkarimu kwa namna ya kukusukuma. Aliniamuru nilale, na nilipolowesha kitanda kwa jasho alivua mashuka yote na kuyaloweka kwenye ndoo. Jumamosi jioni akaenda sokoni kuninunulia kambare wadogo wenye miiba, ambao supu yao huku ndiyo ya mgonjwa. Samaki wa mgonjwa hununuliwa hai, na hubaki hai hadi akutane na kisu. Kwa kawaida hulala ndani ya ndoo. Ndoo ilikuwa na mashuka yangu.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya Bithika, iliyotulia kupita kiasi.

"Wifi. Umeweka nini humu?"

"Kambare wa mgeni," Mallika alijibu kutoka jikoni. "Si maji ni maji? Nikajua watafurahi kupata wenzao."

"Wamefurahi. Njoo uyaone matumbo."

Ndani ya tangi majani ya majini yalikuwa yamelala kichwa chini. Kambare walijinyoosha juu ya changarawe kama watu waliotoka karamuni. Hakuna mwingine aliyekuwa akiogelea.

"Mungu wangu," Mallika alisema, kiganja mdomoni. "Sasa si utanunua wengine? Huyo mama hajawahi kuwaona."

Bithika alikuwa ameshavaa ndala. Homa ilikuwa imenipungua, nikamfuata. Sikutaka kubaki na wale kambare.

Soko la Jumapili la mtaa wa Galiff lilikuwa limekwisha kufurika: kasuku, watoto wa mbwa, mifuko ya plastiki iliyotuna maji na samaki. Bithika alikwenda, akarudi, akaenda tena. Muuzaji aitwaye Gour, anayemfahamu, alimwita kwa mbali.

"Dada! Leo unatembea kama umepoteza mtoto. Chukua samaki malaika hawa. Mteja wako ataanguka chali."

"Na hao wenye milia uliowaweka jirani? Watawanyoa mapezi kabla sijafika nyumbani."

"Sasa si usiwachukue wenye milia!"

"Na malaika wakikua wataacha kula wadogo? Nawe umeanza kuniuzia kama mteja wa kawaida?"

Hata hivyo aliwachukua, akalipa, akatembea hatua chache, akageuka na kumrudishia mfuko. Gour alishika kichwa. "Mwanamke huyu ataniua!"

Mwisho wa safu, mtu aliyetoka mji wa Canning alikuwa amechuchumaa nyuma ya beseni la aluminiamu. Ndani yake kulikuwa na samaki wa mashamba ya mpunga, wale ambao watoto huwaweka kwenye chupa: kholshe wadogo wa rangi ya asali, wembamba wenye mistari waliokwenda mbio juu juu, na wengine wa chini, kama vipande vya kamba ya katani vilivyodondoka matopeni.

Bithika alisimama. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alisimama kweli.

"Wako pamoja tangu lini?"

"Tangu mvua ziishe. Hakuna anayewataka."

"Wanagombana?"

"Wagombanie nini, mama? Beseni lenyewe hili."

"Nipe wote. Na maji yao."

Alasiri Bi Lahiri alifika, akavua viatu, akapandisha miwani kwenye paji la uso na kuinama mbele ya kioo. Mimi nilikuwa pembeni na bakuli langu la supu. Alitazama kwa muda.

"Hawa wameingia leo."

Mallika, mlangoni na sinia la chai, aliacha kutembea. Bithika alimtazama wifi yake, kisha kioo, kisha mikono yake mwenyewe.

"Leo asubuhi," alisema. "Wa kwanza wameliwa na kambare wa supu."

"Supu ya nani?"

Wote wakanigeukia.

"Yangu," nikasema.

"Ni tamu?"

"Sana."

"Niliwatia mimi!" Mallika alilipuka. "Yeye hana kosa, ndoo ilikuwa na mashuka!"

Bi Lahiri aliomba chakula cha samaki, akanyunyiza. Wenye mistari walidaka juu. Kholshe walikula katikati, taratibu. Wale wa chini walisubiri makombo yaliyozama. Hakuna aliyemfukuza mwenzake.

"Wamepauka," Bi Lahiri alisema.

"Wamesafiri. Kesho kutwa watakuwa asali."

"Mtunzaji niliyemfukuza aliniapia kwamba samaki wangu alizaliwa na jicho moja. Jicho lenyewe nililikuta kwenye kichujio." Alishusha miwani. "Jumatano kuna treni. Njoo na wavu wako."

Jumatano teksi ya manjano ilipiga honi mdomoni mwa kichochoro, na Bithika alitoka na kurudi ndani: kasahau wavu, kasahau kitana, kasahau kuniambia nisiwalishe kupita kiasi.

"Ukifika upige simu, usijifanye una shughuli," Mallika alisema, pua imejaa machozi.

"Na wewe usitie kitu humo, wifi."

"Nenda, utachelewa!"

Alikwenda nusu akikimbia, na hakugeuka.

Mallika alijifuta uso kwa upindo wa sari, akachukua kutoka kizingitini mfuko wa sokoni aliokuja nao asubuhi. Mfuko ulikuwa ukirukaruka. Alitazama tangi. Akanitazama mimi.

"Ndoo iko wapi?"

Ilikuwa na mashati yangu. Nikaenda kuyatoa.