Difu ya Kubana na Kuhama kwa Baba

Baba aliinunua ile pikapu kwa mpima ardhi Mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, muda mfupi baada ya uhuru. Hata wakati huo lilikuwa gari la zamani, la aina ambayo haikutengenezwa tena, na kila lilipoegeshwa sokoni Tabora watu wazima walilizunguka wakiligusa mabati. Baba alikuwa mrina asali. Aliishi msituni, mbele ya Ipole, na kila msimu alileta mjini madebe ya asali na mikate ya nta. Goti lake la kulia lilipoharibika hata akashindwa kukanyaga breki, alinikabidhi funguo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo mjini, na udereva nilikuwa nimejifunza katika gari hilo hilo, yeye akiwa ameketi kando yangu.

Kisha likaja agizo la kuhamia vijijini. Waliotawanyika porini walitakiwa wasogee wakae pamoja karibu na barabara, wapate shule, zahanati na maji. Nililipenda wazo hilo. Nililifundisha darasani na wanafunzi waliliimba. Baba alipoambiwa kwamba boma lake ni miongoni mwa yatakayohamishwa, hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mtakuja kunichukua."

Kati ya boma na barabara palikuwa na mbuga ya udongo mweusi. Nilipokwenda kuchukua mizigo ya kwanza, mvua zilikuwa zimeshaanza, na tukakwama katikati ya mbuga hiyo. Nilishuka nikatazama. Gurudumu la kulia lilikuwa likizunguka kwa kasi na kurusha tope, na la kushoto limetulia tuli. Sikuelewa. Injini ni moja, gia imeingia, mafuta yapo, sasa hili la kushoto limegoma kwa nini? Nilimuuliza baba. Alikuwa ndani, anatafuna karanga, akasema gari limechoka. Wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wakipita na ng'ombe wao walitufungia maksai, wakatuvuta kuturudisha bomani tulikotoka. Mizigo ikashushwa.

Tope lilipokauka kidogo nilirudi Tabora nikaenda kwa fundi aliyekuwa akilitengeneza gari hilo tangu enzi za mpima ardhi. Alilala chini ya gari, akainuka, akasema gari halina ugonjwa wowote. Hivyo ndivyo difu, ile gia ya ekseli ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inavyofanya kazi: nguvu inakwenda kwenye gurudumu linalozunguka kirahisi, na lililo kwenye tope ndilo linalozunguka kirahisi. Nikamwambia basi difu hiyo inasaidia gurudumu lisilo na kazi na kulinyima lenye kazi. Akacheka, akasema bila hivyo nisingeweza hata kukata kona ya msikiti, maana kwenye kona gurudumu la nje lazima lizunguke zaidi ya la ndani. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na kusema kweli sijawahi kupona kabisa.

Fundi alinishauri tutafute difu ya kufunga. Ina mkono mdogo wa kuvuta, na ukiuvuta magurudumu ya nyuma yanazunguka kama kitu kimoja, utake usitake. Akanituma kwa Mhindi mmoja mwenye duka la spea, mzee Mwislamu aliyemfahamu baba kwa sababu alinunua nta yake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti yangu. Goti la baba linaendeleaje?"

Alikuwa nazo difu mbili zinazoweza kuingia katika gari letu, zote zimetolewa kwenye magari mengine. Moja ilikuwa ya kufunga. Ya pili aliiita difu ya kubana. Alichukua visahani viwili vya chai, akavibandika pamoja, akaniambia nishike kimoja nikizuie huku yeye akizungusha kingine. Kilikwaruza, kikaburuta kidogo mkono wangu, kisha kikateleza. Akasema ndani ya difu ile mna sahani za chuma zinazobanana namna hiyo, hivyo gurudumu moja likianza kuzunguka ovyo, sehemu ya nguvu huvutwa kwenda kwa mwenzake. Haina mkono wa kuvuta. Inafanya yenyewe.

Nilimuuliza ipi ni bora. Akasema ya kufunga ina nguvu zaidi, lakini ukisahau kuifungua kwenye barabara kavu unavunja ekseli. Nikamwambia basi nichukue ya kubana. Akasema vizuri, ila inataka mafuta yake maalumu, na zile sahani zikilika inarudi kuwa kama difu ya kawaida bila kukupa taarifa. Nikasema basi nichukue ya kufunga. Akasema vizuri pia.

Nilirudi kwa fundi, naye alipoisikia ya kubana akatikisa kichwa. Alisema kwenye barabara iliyoinama ubavu, magurudumu yote mawili yakiteleza kwa pamoja, mkia wa gari unakwenda mtaroni. Hiyo ya zamani, angalau gurudumu lililosimama hushikilia gari lisihame. Kwa maelezo yake, difu inayokukwamisha ndiyo inayokulinda. Siku hiyo niliwasahihishia watoto hesabu vibaya.

Baba alikuja mjini kutibiwa goti, akafikia kwangu. Nilimweleza yote wakati tunakula. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema gari libaki lilivyo. Nilidhani anaogopa kuharibiwa gari lake.

Nilichagua ya kubana. Sababu niliyompa fundi ni kwamba mimi ni msahaulifu na ule mkono ungenishinda. Ukweli ni kwamba nilichoka kufikiri. Aliifunga, akaijaza mafuta yake, akaniambia niende polepole.

Nilirudi na baba bomani ili tuhame. Tulipakia vitanda, vyungu, kinu na kuku, tukaingia mbugani. Gari lilipita pale tulipokwama kana kwamba hapajawahi kuwa na tope. Nikaanza kutabasamu. Tulipofika mahali njia ilipoinama, mkia ukahama taratibu, bila kelele, tukatua mtaroni kama fundi alivyosema. Sikuwa na la kufanya ila kukanyaga mafuta. Magurudumu yote mawili yakakamata, gari likapanda lenyewe, tukasimama juu njiani. Sikujua kama difu imetuokoa au ndiyo iliyotutumbukiza.

Nilimgeukia baba nikitaka tucheke. Alikuwa analia.

"Nilitegemea litakwama, mama," alisema. "Lingekwama mpaka masika yaishe, labda wangenisahau kule."

Nilizima injini. Nikaelewa karanga za siku ile, na kwa nini gari lilitakiwa kubaki lilivyo. Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikiuliza difu ipi itamtoa, bila kumuuliza mwenyewe kama anataka kutoka. Nikamuuliza turudi? Alifuta uso, akatazama kuku, akasema kuku hawawezi kuzungushwa siku nzima kwenye mvua. Tuendelee.

Alipewa kiwanja kijijini, karibu na bomba la maji, jambo lililomfurahisha mama yangu mdogo, mke wake, ambaye miaka yote alikuwa akichota kisimani kwa mbali. Kisha siku moja baba aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, kama gari linaweza kupita mbuga kurudi kwenye mizinga yake. Nikamwambia linaweza.

Kuanzia hapo, kila msimu wa kurina nilimpeleka, hata njia ikiwa mbichi. Alirina akiwa ameketi, vijana wa kijijini wakipanda mitini kwa maelekezo yake. Mtaroni tuliingia mara nyingi, na tulitoka. Fundi aliniambia baadaye kwamba zile sahani huenda zimekwisha zamani na tunapita kwa mazoea yangu tu. Mwenye duka, yule yule aliyesema hazitoi taarifa, akasema hapana, zingekwisha ningejua. Sikuifungua difu kuangalia.