Mkataba Nilioutunga Mwenyewe

Mimi ni mfunga vitabu. Nasema ni, ingawa kazi yenyewe imekufa kabla yangu na haikuniaga. Elimu yangu yote niliipata katika mafungu ya karatasi yaliyokuwa yakingoja kushonwa, na kwa kuwa mafungu mengine yalikwenda kwa mwenzangu Hija, sheria niijuayo ina mashimo. Kuna vitabu nilivyosoma sura ya kwanza na ya tano tu. Hilo halikunizuia kuwa mshauri wa mtaa mzima wa Kiponda, tena bila kuombwa.

Ghorofa ya pili katika nyumba ya marehemu Abdulwahid niliingia nikiwa bado nina nywele. Baina yetu hapakuwa na karatasi. Siku ile alinipa ufunguo akasema, "Karibu, sheikh, hii nyumba yako." Nikaelewa kwamba si yangu, naye akaelewa kwamba nimeelewa, na huo ndio ukawa mkataba. Siku hizi watu wanajaza kurasa kusema hayo hayo, na bado wanafikishana mahakamani.

Alipofariki, nyumba ikawa ya mwanawe Mansour. Mwaka ule ule nyumba ya jirani ikageuzwa hoteli, na wapangaji wake tukawaona njiani na magodoro yao. Nikaingiwa na hofu. Nikamwita Mansour, nikamwambia nataka mkataba wa maandishi, wa miaka miwili.

"Mzee wangu," akasema, "baba hakuwa na karatasi na wewe."

"Baba yako alikuwa mtu."

Mansour ni kijana mpole, na mimi upole wa vijana nauhesabu ujinga. Nikamweleza kwamba neno la mdomo ni moshi, kisha nikautunga mkataba mwenyewe, kwa lugha nzito, tukatia saini. Kifungu cha sita kilinipa raha ya pekee: upande utakaojitoa kabla ya muda utabaki na wajibu wake wote mpaka muda uishe, isipokuwa apatikane mtu badala yake, mwenye tabia njema, atakayeridhiwa na pande zote mbili. Nilidhani nimemfunga Mansour. Kumbe nilikuwa nimejishona mwenyewe humo ndani, kazi safi, kwa uzi wa kitani.

Kabla mwaka haujesha, mke wangu Mwatum alianguka akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza, vijana wakampandisha juu kwa kiti, na tangu hapo hakushuka. Ngazi zetu ni za zamani, nyembamba, zimesimama kama kisima. Yeye ni mtu wa Makunduchi, na kaka yake Wakil ana huko nyumba ya chini yenye chumba kitupu na uwanja wa kukaa jua la asubuhi. Kila siku Mwatum akiamka huniuliza neno moja: "Lini?"

Nikafanya kama tulivyofanya zamani. Mtu akitaka kuhama alikwenda kwa mwenye nyumba na sahani ya kitu kitamu, na ufunguo juu yake. Sahani ikipokewa, ufunguo umepokewa, mnaombana radhi, yamekwisha. Nikanunua halua nzuri, nikaweka ufunguo wa pili, nikampelekea Bi Shemsa, mama yake Mansour. Akapokea kwa mikono miwili, akamwombea dua Mwatum. Nikarudi kifua mbele.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Ustaarabu haujafa wote."

Jioni sahani ikarudi. Nilisahau kwamba ipo ada nyengine, ya zamani vile vile: sahani ya jirani hairudi tupu. Bi Shemsa alikuwa ameijaza visheti, na juu ya visheti, umeshaoshwa halua yote, ufunguo wangu.

Mwatum alicheka mpaka akashika nyonga. "Mpelekee tena," akasema. "Labda tutapata sambusa."

Kesho yake akaja Mansour.

"Shikamoo, mzee wangu. Mama anasema umesahau ufunguo kwenye halua."

"Marahaba. Sikusahau. Nahama."

"Na kifungu cha sita?"

Nikamwambia pana dharura, na sheria inaitambua dharura.

"Iko kifungu gani?"

Sikuiandika. Nadhani dharura ilikuwa katika mafungu ya Hija.

"Wallahi, mimi peke yangu nisingekuwa na neno," akasema. "Lakini nshakopa benki nitengeneze paa, na dhamana niliyowapa ni kodi yako. Waliusoma mkataba wako, wakausifu sana. Tafuta mtu, mzee wangu. Tukimridhia sote wawili, ondoka hata siku hiyo hiyo. Sitakudai kitu."

Wa kwanza alikuwa Kheir, anayewapeleka wageni Kizimkazi kutazama pomboo. Kijana msafi, ana salamu. Nikamuuliza vitabu vyake ataviweka wapi. "Vitabu gani, babu?" akasema, nami nikamkataa. Wakaja maharusi wapya. Bibi harusi alicheka kwa sauti ngazini, nikawakataa. Mansour aliwaridhia wote. Mimi mwenye shida ndiye niliyesimama mlangoni nikitumia haki yangu, na kila niliyemkataa nilimrudia Mwatum na sababu zilizopangwa vizuri. Alikuwa akigeukia ukutani.

Kisha akaja Khairiya, mpishi wa keki za harusi. Alipanda akihema, akatazama boriti, akatazama dirisha, akauliza oveni yake itakaa wapi.

"Chumba hiki ni cha kusomea," nikamwambia.

"Unasoma nini humu, babu?"

"Kwa sasa macho hayaniruhusu."

"Basi oveni itakaa hapa."

Nikafungua mdomo kumkataa.

"Ubwa!" Mwatum akaniita kutoka kitandani.

"Naam."

"Wewe unatafuta mpangaji au unatafuta wa kukurithi?"

"Nalinda haki yetu."

"Haki hiyo ndiyo iliyonilaza hapa. Mie nataka kukanyaga chini kabla hawajanishusha kwa jeneza. Mwambie mtoto wa watu alete oveni yake."

Khairiya hakujua acheke au ashuke. Nikasema nimeridhika. Nilipata kuridhika mara chache maishani, lakini kwa amri ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya kuhama Mansour alileta gari na vijana wawili wa kumbeba Mwatum. Walipomwinua, ilinipasa nishuke naye. Lakini kifungu cha tisa kinasema nyumba itakaguliwa na pande zote mbili, chumba kwa chumba.

"Twende zetu, mzee wangu," Mansour akasema. "Nyumba nshaiona. Nimezaliwa humu."

"Kifungu cha tisa."

Tukakagua. Pana msumari, nikasema niliukuta. Akakubali. Pana ufa, nikasema ni wa enzi za babu yake. Akakubali. Hasira zikanipanda, kwa maana nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Dirishani zikaingia sauti za chini: milango inafunguliwa, Bi Shemsa analia, kina mama wanaitana, na Mwatum anamwitikia kila mmoja kwa jina lake, anaomba radhi, anapewa radhi. Nikamtaka Mansour atie saini.

Nilishuka ngazi kwa makalio, nusu ya safari, kwa kuwa macho hayakuziona vizuri. Nilipofika njiani kila mtu alikuwa amerudi kwenye chungu chake. Mwatum amekaa kiti cha mbele, macho mekundu, mapaja yamejaa vifurushi vya watu.

"Watu walikuulizia," akasema.

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia yuko juu, anabishana na msumari."