Siku Kokubanza Alipoinua Paa la Nyumba Ndefu

Mama yangu, Georgina, alikuwa bibi harusi wa miezi michache alipohamia Nyumba Ndefu, mjini Bukoba, mwaka uliofuata Uhuru. Jengo lile lilijengwa na mfanyabiashara wa kahawa ambaye baadaye aliondoka nchini. Wapangaji wakaungana, wakalinunua kwa umoja wao, kila familia ikapata mlango wake. Vyumba vilikuwa vya mtu na watu wake. Lakini paa lilikuwa moja, uwanja mmoja, bomba moja, na ukuta wa nyuma, ule uliotazama ziwa, ulikuwa wa wote.

Asubuhi yake ya kwanza pale, mama alishtuliwa na sauti ya mwanamke uwanjani. Alidhani kuna moto.

"Enyi wa Nyumba Ndefu, mmeamkaje? Bomba litafungwa mpaka mchana, fundi anabadilisha koki. Mfereji umeziba tena, na aliyetupa maganda ya ndizi anajijua. Ma Jovitha amejifungua salama, mtoto wa kike. Mwenye kuni kavu ampelekee!"

Baba alicheka, akajifunika tena blanketi. "Huyo ni Ma Kokubanza. Utamzoea."

Kokubanza alizaliwa Kimwani, huko Muleba, katika familia ya Kilutheri. Alipokuwa msichana, kazi yake jioni ilikuwa kusimama ukingoni mwa kibanja, shamba lao la migomba, na kuwaita kaka zake waliokuwa ng'ambo ya bonde. Aliita mara moja tu, nao wakaja. Kwao sauti ile ilikuwa kitu cha kufaa, kama vile mtu mwingine anavyokuwa na mikono yenye nguvu. Lakini alipoolewa karibu na Rubya, mama mkwe wake alimwambia siku ya pili tu, "Mwanangu, hapa hatuna viziwi." Tangu hapo akajifunza kusema kama mgonjwa. Akakaa hivyo miaka mingi, mpaka mume wake, dereva wa lori, alipofariki kwa homa. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Akaja mjini, akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini, akapanga chumba Nyumba Ndefu.

Umoja ulipoanza, mwenyekiti wao, Ta Rutashobya, karani wa kahawa, alibandika matangazo mlangoni. Mvua ikayalowanisha yote, na nusu ya watu hawakujua kusoma. Mkutanoni akauliza nani atakuwa akipeleka habari. Sauti moja ikatoka nyuma, "Jana Ma Kokubanza alipomwita mbuzi wake, nilitoka mimi." Watu wakaangua kicheko. Kokubanza akauficha uso kwa kanga. Lakini Ta Rutashobya hakucheka.

"Ma Kokubanza, waitu, tusaidie," alisema, akimwomba kwa heshima.

Akakubali, huku akitazama chini.

Mvua za miaka ile wazee wa Bukoba wanazikumbuka. Zilinyesha hadi watu wakasahau rangi ya vumbi. Na ziwa, ambalo kila mtu alizaliwa akilikuta limekaa mahali pake, lilianza kutembea. Miti ya ufukweni ilisimama majini. Njia waliyopita wauza samaki ikawa mahali pa kupita mitumbwi. Watu walikwenda kutazama baada ya ibada, Wakatoliki kwa Walutheri, wakasimama kimya pamoja kama waliofika msibani. Kila Jumapili walisimama juu kidogo kuliko Jumapili iliyopita.

Maji hayakufika Nyumba Ndefu, lakini ardhi iliyobeba nyumba ililegea. Siku moja Burhani, fundi mwashi aliyeishi mlango wa mwisho, alipitisha kiganja chake kwenye ukuta wa nyuma, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Unainama," alisema. "Ukianguka, unaondoka na paa."

"Tuezue mabati?" Ta Rutashobya aliuliza.

"Misumari imeoza. Ukiyang'oa yatachanika, na mabati mengine hatuna. Tena tutalala wapi na mvua hii? Hapana. Paa libaki zima. Tuliinue, tulishikilie juu kwa nguzo, nibomoe ukuta na kuujenga upya kwa mawe."

Paa lile lilikuwa refu kuliko kanisa. Burhani akaeleza zaidi: kila familia ingesimama chumbani mwake na nguzo ya mkaratusi chini ya boriti, na wote wangesukuma kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukitangulia, kenchi zinazobeba mabati zingevunjika na paa kuwashukia.

"Tutajuaje wakati mmoja?" mama aliuliza. "Hatuonani, na mvua juu ya bati hata mtu wa kitandani mwako humsikii."

Wote wakageuka kumtazama Kokubanza.

Mama alikuwa karibu naye, akamwona akivuta kanga usoni. "Nikikosea nitawaua," Kokubanza alisema kwa sauti ndogo, ile aliyofundishwa Rubya.

"Usipoita, ukuta utatuua," Burhani alimjibu kwa upole. "Wewe ita tu, dada yangu. Tutakufuata."

Siku ya kazi mvua ilikuwa inapiga bati kama mawe. Watoto walipelekwa shuleni, nje ya hatari. Kuta za kati hazikufika juu, kwa hiyo Kokubanza aliwekewa meza katika chumba cha katikati, akapanda, kichwa chake kikawa juu ya kuta zote. Vyumbani, kila mume na mke walikumbatia nguzo yao. Burhani alipita na vijana wake wa kazi wakiwa na vipande vya mbao vya kukazia.

Ndipo Kokubanza akaita. Mama alisema hakuwahi kusikia sauti kama ile kabla wala baada. Ilipita juu ya mvua, ikashuka katika kila chumba, nao wakasukuma. Boriti ikalia. Vumbi la miaka mingi likawaangukia machoni. Akaita tena, wakasukuma tena, na paa likaachana na ukuta kwa upana wa kidole.

Mara, chumbani kwa Ta Rutashobya, nguzo ikazama katika sakafu iliyolowa. Paa likaguna toka mwanzo hadi mwisho. Mtu akapiga kelele, "Linakuja!" Mama alihisi mikono yake ikitaka kuachia na miguu ikitaka kukimbia. Baba alikuwa amefumba macho.

Kokubanza hakuita. Alianza kuimba. Ulikuwa wimbo ambao wanaume wa kwao waliimba walipovuta gogo la mtumbwi kutoka msituni hadi ziwani. Wimbo wa taratibu, usio na haraka, wenye kiitikio ambacho hata mtoto anakijua. Chumba kimoja kikaitikia, kisha cha pili, kisha nyumba nzima. Hakuna aliyeachia nguzo. Burhani akakimbilia upande ule, akasukuma jiwe bapa chini ya nguzo iliyozama, na kwa kiitikio kilichofuata paa likapanda, lote, sawasawa, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi.

"Limekaa!" Burhani alipaza sauti. "Wallahi limekaa! Achieni polepole."

Wakaachia. Paa likabaki juu. Mama akainua macho, akaona kitu ambacho alikisimulia mpaka uzeeni: kati ya ukuta na bati palikuwa na ufa mrefu wa mwanga, kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho, na ndani ya mwanga ule lilionekana ziwa zima, la kijivu, limejaa mpaka mbinguni. Nyumba ya watu wote ilikuwa imesimama juu ya miti waliyoishika wenyewe. Baba alivua kofia. Ta Rutashobya alikaa chini kwenye tope la sakafu yake, akalia waziwazi.

Ukuta mpya ulichukua wiki kadhaa. Wakalala nyuma ya mikeka na maturubai, wakapika chungu kimoja. Siku ya kushusha paa, Kokubanza alipanda tena mezani, na safari hii hakugusa kanga.

Aliishi Nyumba Ndefu miaka mingine mingi, akawa mjumbe wa nyumba kumi. Wakati wa vijiji vya ujamaa alirudi Kimwani kuishi na kaka yake, na huko ndiko alikofia. Habari ilipofika Bukoba, watu wa Nyumba Ndefu walikodi lori wakaenda, Burhani akiwa mbele karibu na dereva, mama akiwa nyuma ameshikilia mkungu wa ndizi. Walifika ibada ya mazishi ikiwa imeanza. Mchungaji alipowaomba ndugu wa marehemu wasogee karibu na kaburi, lori zima lilisogea.